Mkondo unaovuta watu baharini: tunatoka Dodoma, tujihadhari vipi?

Kizota_Mmoja: Wakuu, vijana wetu wanashuka na treni ya SGR kwenda Kigamboni, Dar es Salaam. Kuogelea wamejifunzia bwawani. Mkondo unaovuta watu nje unatambulikaje, na ukimnasa mtu afanye nini?

Upepo_wa_Kusi: Mawimbi yanasukuma maji ufukweni, na lazima yarudi. Hutafuta upenyo kati ya mafungu ya mchanga au miamba, yakatoka kwa kasi. Mkondo mkali hupita mita 2 kwa sekunde. Kasi hiyo hata bingwa wa Olimpiki huihimili umbali mfupi tu.

Kabla ya kuingia, tazameni maji dakika 10. Pasipovunjika mawimbi, maji yakawa na rangi nzito na povu likaelekea nje, ndipo penyewe. Ubaya, mgeni hupaona ndipo palipotulia!

Ukinaswa, usipigane nao kurudi moja kwa moja. Hauzamishi, unapeleka nje tu. Kinachoua ni hofu na kuchoka. Lalia mgongo, elea, punga mkono. Ukiwa na nguvu, ogelea sambamba na ufukwe mpaka mvuto ulegee, kisha rudi kwa mshazari panapovunjika mawimbi.

Maji_Mafu: Walio nchi kavu wasimfuate mikono mitupu, watazama wawili. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri linaelea. Lifungeni kamba mmrushie. Angalieni na mwezi: ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, nayo hukimbia zaidi kwenye mapengo. Na bia ingoje.

Kizota_Mmoja: Shukrani wakuu. Kamba ya ng'ombe huku haikosekani.