Mrejesho: ile riwaya yangu iliyokwama sura ya pili

Mwezi wa tatu niliwauliza nifanyeje, maana hamu ya kuandika riwaya yangu ya kwanza ilikata nikiwa sura ya pili. Asanteni nyote. Yule aliyesema nisisubiri hamu, niandike maneno 300 kila siku, alinikera kweli; nikasema huyu hajawahi kushika kalamu. Nikajaribu hivyo hivyo kwa hasira. Naamka alfajiri, kabla muuza kahawa hajapita na kashata zake hapa Ngamiani, naandika kwenye kaunta buku (simu inalala chumbani kwa mama). Siku nyingine natoka na mistari minne tu. Lakini nimefika maneno 14,000, na yule nahodha wa Pangani niliyemuua sura ya kwanza nimemfufua, bila yeye hadithi ilikuwa haiendi. Sura ya pili bado mbovu. Nimeiruka.