Moyo wa dubu wa binti yangu umetupwa kwenye ndoo huku mwenyewe akitazama

Baba Binti:

Wanajukwaa, naandika nikiwa ndani ya gari kwenye maegesho, injini imezimwa, binti yangu amelala kiti cha nyuma huku macho yamemvimba kwa kulia, na dubu wa kuchezea tuliyemtengeneza leo amebaki ndani ya boksi lake kwa sababu mwenye dubu amekataa hata kumtazama. Duka lenyewe sitalitaja. Hakuna mzazi wa mji huu asiyelijua: ni lile la ghorofa ya juu, mkabala na ngazi za umeme, ambalo mtoto akiliona tu, basi safari ya kununua soksi imekwisha hapo. Na yule kijana mnamjua pia, yule mwenye aproni iliyojaa beji, anayemwita kila mtoto "kipenzi" bila kumtazama usoni.

Kijana huyo ameutupa moyo wa dubu wa binti yangu kwenye ndoo. Ameutupa akijua kwamba mtoto anaona.

Ambao watoto wao bado wachanga niwaeleze utaratibu, wapate kuelewa ukubwa wa jambo lenyewe. Ukiingia unakuta ngozi za wanyama wa kuchezea zimelazwa kwenye mapipa, tupu, hazina kitu ndani. Mtoto huchagua moja. Kisha hupelekwa kwenye ile mashine kubwa yenye kioo, ambamo nyuzi nyeupe za poliesta hurushwarushwa na upepo mchana kutwa, naye hukanyaga kanyagio, na bomba huijaza ngozi kupitia tundu la mgongoni mpaka miguu, mikono na shingo vikasimama. Kabla mgongo haujafungwa ndipo hutiwa moyo. Ni kipande kidogo cha satini nyekundu, na mtoto huambiwa aufikiche viganjani upate joto, auguse kwenye paji la uso ili dubu awe na akili, aubusu, afumbe macho na aombe jambo moja. Baada ya hapo uzi huvutwa, mgongo hufungwa, dubu hupulizwa upepo na kuchanwa manyoya, na kompyuta humtolea cheti cha kuzaliwa chenye jina lake.

Bei iliyobandikwa dirishani ni ya ngozi peke yake. Sauti ina bei yake, harufu ina bei yake, gauni lina bei yake, na niliposoma kwenye risiti kwamba viatu vya mnyama ambaye hatatembea hata hatua moja vimenigharimu kuliko viatu ninavyovaa kazini, nilinyamaza, kwa kuwa ni siku ya kuzaliwa ya mtoto. Kwa pauni nilizoziacha pale kaunta, mtu wa Handeni angepata mbuzi pamoja na kamba yake. Hayo yote nilikuwa nimeyameza.

Sasa nisikilizeni. Binti alikuwa amechagua pia ile sauti ya mapigo ya moyo, ambayo ni kijidude cha plastiki chenye betri, na tulikuwa tumekwisha kukilipia. Akapewa moyo wa kitambaa kama watoto wote. Akaufikicha, akaubusu, akafumba macho, akamwombea bibi yake aliyeko Muheza mguu upone ili aweze kupanda ndege aje kututembelea. Aliomba kwa sauti. Nilimsikia mimi, na waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni walimsikia. Akanyoosha mkono. Kijana akaupokea ule moyo, akasema kwamba aliyelipia moyo wa sauti hapewi na wa kitambaa, akautupa kwenye ndoo iliyojaa mamia ya mioyo mingine, akakisukuma kijidude chake ndani ya mgongo wa dubu na kuvuta uzi. Binti aliikimbilia ndoo akaanza kuchakura. Kijana akamwambia, "Yote ni sawa tu, kipenzi."

Yote ni sawa tu! Mtoto ametoka kuomba dua, midomo yake bado haijafunga sawasawa, naye anaambiwa kwamba yote ni sawa tu. Nilipomtaka autafute, alitazama saa na kunijibu kwamba kuna watoto wa sherehe wanasubiri. Nilipomtaka meneja, niliambiwa kwamba kwa leo meneja ni yeye. Nauliza: ule moyo uko wapi saa hizi? Najua uko wapi. Uko ndani ya sungura wa mtoto mwingine, asiyemjua bibi wa Muheza wala mguu wake.

Mama Pacha:

Kaka, pole sana, na binti umfikishie pole zetu. Huyo kijana tunamfahamu vizuri hapa nyumbani. Pacha wangu walipokwenda, aliwaondoa kwenye kanyagio akakanyaga mwenyewe, kwa maelezo kwamba miguu ya watoto inamchelewesha. Dubu wa kwanza alijazwa mpaka mikono ikagoma kushuka, wa pili akaachwa kichwa kinaning'inia begani. Walipowalinganisha nyumbani vita ikaanza, na mpaka leo haijaamuliwa. Lakini kutupa moyo uliokwisha kuombewa, hilo hata mimi sikulitegemea kutoka kwake.

Mzee wa Hoja:

Ndugu yangu, nimesoma mpaka mwisho nikimtafuta aliyeumizwa, nami sikumwona. Mtoto ana dubu, dubu ana viatu na cheti, na bibi hajazidiwa. Baba mzima unakaa garini kulilia kitambaa kisichotosha hata kufutia miwani! Sisi wa Korogwe tulichezea magunzi ya mahindi yaliyovishwa vipande vya kanga, na hakuna gunzi hata moja lililotiwa moyo. Washa gari, mpeleke mtoto nyumbani akale.

Baba Binti:

Mzee wa Hoja, shikamoo, lakini hapa umekosea. Gunzi lako hakuna aliyekuuzia kwa ahadi ya moyo. Hawa ndio waliomfundisha mtoto kwamba moyo ule una kazi, hawa ndio waliomwambia aubusu, na baada ya kuubusu wakamwonyesha kwamba ni takataka. Narudia kwa wanaosoma haraka: aliutupa kwenye ndoo, kwa mkono wake, mtoto akiwa bado ameunyoosha wake.

Karani wa Baraza:

Ndugu mwanzisha uzi, tupunguze machozi kidogo tutazame sheria. Hapa Uingereza ipo Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015, nayo inataka huduma yoyote inayolipiwa itolewe kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Ikitolewa ovyo, mteja anaweza kudai irudiwe, na ikishindikana kurudiwa, apunguziwe bei. Duka lile haliuzi mdoli mtupu. Linauza pia kazi ya kumtengeneza, pamoja na hiyo shughuli ya moyo. Itunze risiti, andika barua fupi, dai mgongo ufunguliwe na shughuli irudiwe kwa moyo mpya wa kitambaa.

Mama Pacha:

Karani, irudiweje? Mtoto aombe dua ileile mara ya pili mbele ya kijana yuleyule? Bora wamrudishie baba wa watu pesa zake zote, na viatu wavirudishe pipani.

Shangazi wa Reading:

Naungana na Mama Pacha. Wanaomcheka huyu baba hawajui historia ya biashara yenyewe. Mama mmoja wa Kimarekani, Maxine Clark, alifungua duka la kwanza la Build-A-Bear huko St. Louis mwaka 1997, na tangu hapo wengi wameiga, likiwamo hili letu la mtaani ambalo limeiga mashine likasahau adabu. Wanyama wa manyoya walikuwapo madukani miaka mingi kabla yake, tena kwa bei nafuu. Watu walikubali kulipa zaidi kwa sababu mtoto anashiriki kumpa uhai. Ukiuondoa moyo pale, unabakiwa na foronya yenye masikio.

Na msidhani watu huchukulia mambo haya kimzaha. Tarehe 12 Julai 2018 kampuni hiyo iliwaalika wateja wake wa Marekani, Kanada na hapa Uingereza walipie dubu kwa bei inayolingana na umri wa mtoto. Umati uliofurika ulikuwa mkubwa hata foleni zikafungwa mapema, watoto wakarudi nyumbani wakilia, na baadaye zikatolewa vocha kwa waliokosa. Pale angalau yalipatikana maelezo na vocha. Kwetu tumepata "yote ni sawa tu".

Mzee wa Hoja:

Shangazi, kama mnataka historia basi tuipeleke kunakohusika. Dubu wa manyoya alianza mwaka 1902, pale Rais Theodore Roosevelt alipokataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa mtini huko Mississippi, mchoraji Clifford Berryman akakichora kisa hicho gazetini, na Morris Michtom, mwenye duka kule Brooklyn, akamshona dubu na kumpa jina la rais. Wakati huohuo Wajerumani wa kiwanda cha Steiff kule Giengen walikuwa wakimshona wa kwao. Dubu wa zamani hizo walijazwa nyuzi za mbao, wakadumu, na hivi leo watu matajiri huwagombea minadani. Hakuna aliyewatia moyo.

Baba Binti:

Mzee wangu, sikufungua uzi huu kwa ajili ya Roosevelt. Nimeufungua kwa ajili ya ndoo.

Mjukuu wa Pemba:

Samahani kwa kuingilia, lakini mimi nina langu lililo zito zaidi, na ni kwa duka hilohilo. Ile sauti mnayoitaja unaweza kujirekodia mwenyewe, sekunde chache tu. Bibi yangu alipokuja kututembelea tulimpeleka akarekodi salamu kwa wajukuu, akasema "Mungu akukuzeni", tukazitia ndani ya dubu mweupe. Bibi amekwisha kufariki. Mwaka huu dubu ameanza kukoroma badala ya kusema, na juzi akanyamaza kabisa. Nilimrudisha dukani. Huyohuyo kijana alimbonyeza tumbo mara mbili, akaniambia kwamba muda wa dhamana umepita, na kwamba anaweza kumpasua na kumtia kijidude kipya chenye wimbo wa siku ya kuzaliwa. Nilimwambia asimguse.

Mama Pacha:

Mjukuu wa Pemba, mwili umenisisimka. Mungu amrehemu bibi. Usimpeleke tena pale hata kwa bure.

Karani wa Baraza:

Hilo ni tofauti na la mwanzisha uzi, na nakiri ni zito zaidi. Kwanza hakikisha kwamba kilichokufa ni betri na si kifaa chenyewe. Je, yupo hapa anayejua kumfungua dubu bila kumharibu?

Fundi Cherehani:

Nipo, na kazi hii nimeifanya. Mgongoni, chini ya manyoya, utaona mshono ambao nyuzi zake ni nene kuliko za mishono mingine, kwa sababu ulifungwa kwa mkono. Usitumie wembe. Chukua mkasi mdogo wa kucha, ukate fundo la chini tu, kisha uulegeze uzi kidogo kidogo mpaka vidole viwili vipite. Papasa ndani ya nyuzi utoe kijidude. Vingi huwa na kifuniko kidogo cha skurubu, na ndani yake betri za mviringo bapa za saa. Kabla hujatoa betri, jaribu kubonyeza na kuweka simu karibu, kwa kuwa ikiwa sauti bado inakoroma unaweza kuirekodi kwenye simu ikiwa hai. Vingine hupoteza kilichorekodiwa umeme ukikatika, kwa hiyo hatua hiyo usiiruke. Betri za zamani usiziache mahali ambapo mtoto atazifikia, kwani akimeza moja ni hospitali moja kwa moja.

Mjukuu wa Pemba:

Fundi, Mungu akuzidishie. Nimembonyeza sasa hivi karibu na simu na limetoka neno la kwanza. Nitajaribu tena nikishatuliza mikono.

Baba Binti:

Fundi, kwa kuwa unafungua migongo, nami naomba ushauri. Kama nikitia moyo mwingine wa kitambaa nyumbani, je, mtoto atakubali? Kijana yule aliutupa mbele yake, msisahau.

Fundi Cherehani:

Ndugu yangu, akikubali mtoto, mimi nitakushonea moyo kwa kipande cha kanga ya huyo bibi wa Muheza ukinipatia. Lakini ukishafungua mgongo, hizo nyuzi za poliesta zipunguze, kwa sababu duka lile hujaza kwa pupa na mshono haurudi sawasawa. Kwetu Pangani tulijaza wanasesere kwa sufi, nao walikuwa laini na wepesi kuliko hao wa mashine.

Shangazi wa Reading:

Fundi, kwenye sufi sikubaliani nawe. Sufi ikilowa hujikusanya mabonge, na mdoli wa mtoto lazima afuliwe. Isitoshe, sufi hushika moto upesi, na ndiyo maana hapa vitu vya kuchezea hupimwa kwa moto kabla ya kuuzwa. Poliesta unaitia kwenye mashine ya kufulia na kuianika, basi.

Fundi Cherehani:

Shangazi, mdoli wa sufi hatoswi majini. Huanikwa juani, akapigwapigwa, na sufi hufumuka upya. Wazee wetu walilalia magodoro na mito ya sufi miaka nenda rudi.

Mama Pacha:

Jua la Pangani mtalipata wapi hapa mwezi wa Novemba? Fundi, tuambie tu kama sufi inapatikana katika mji huu na kilo moja ni pauni ngapi, kwa sababu yule dubu wangu wa kichwa kinachoning'inia nataka kumjaza mwenyewe kabla ya Jumamosi.