Rufaa ya mauaji: siku 28 zinahesabiwa tangu lini?

Mama wa Leicester:
Asalaam aleikum ndugu zangu. Mwanangu alitiwa hatiani huku England tarehe 3 mwezi uliopita, adhabu ikaja tarehe 24: maisha, asiombe kutoka kabla ya miaka 19. Wakili alituambia tuna siku 28 tangu siku ya adhabu. Leo nimepiga simu ofisini, nikaambiwa za kupinga hatia zimeshapita. Fomu NG, ile ya kuombea rufaa, iko hapa mezani, haijaandikwa hata jina. Naweza kuitia saini mimi, mama yake?

Kaka wa Reading:
Pole sana mama. Hesabu ni mbili: hatia toka siku ya hatia, adhabu toka siku ya adhabu. Zikipita si mwisho. Omba kuongezewa muda kwenye NG hiyohiyo, ueleze kwa nini mmechelewa. Maneno ya wakili yaandike yalivyo, na siku aliyoyasema.

Dada wa Luton:
Peleka CCRC, ile tume inayochunguza kesi za waliofungwa kimakosa. Mdogo wangu walimsikiliza bila senti.

Kaka wa Reading:
Dada, usimpoteze mama. CCRC kwa kawaida wanataka uwe umeshapita Mahakama ya Rufaa. Na maisha yenyewe hayapingiki, kwa mauaji sheria haimpi jaji adhabu nyingine. Kinachopingwa ni hiyo 19.

Dada wa Luton:
Sijampoteza mtu! Mdogo wangu alikuwa ameshakata rufaa, jaji mmoja akakataa kwa kusoma karatasi tu, hatukumwona hata uso. Mama, kisu alishika mwanao? Kama hakushika, someni Jogee, 2016, kesi iliyobadili sheria ya kumtia hatiani mtu kwa mauaji aliyoyafanya mwenzake.

Mzee wa Coventry:
Jogee iliwafungulia mlango waliofungwa zamani, na hao nao ni kwa shida. Kesi ya mwaka huu imeendeshwa kwa sheria hiyohiyo. Tafuteni kama jaji aliwaeleza vibaya sheria wale raia 12 walioamua hatia. Inaniuma, vijana wetu wanazolewa kundi zima kwa kisu cha mmoja.

Mama wa Leicester:
Hakushika. Juzi nimemwona, kakonda, shingo imebaki mishipa. Kaniuliza kama mchaichai wa dirishani bado uko hai. Bibi yake Tanga anapiga kila Ijumaa, mbona mjukuu hanisalimii, nami namwambia yuko masomoni mbali. Sijui nitasema hivyo mpaka lini. Hiyo saini jamani, nitie mimi au nimpelekee?

Dada wa Luton:
Tanga wapi mama? Mie wa Ngamiani. Bibi asiambiwe kwenye simu, apate mtu wa kukaa naye.