Naomba ushauri: kiongozi wa watoro katika riwaya yangu aitweje?

Ndugu zangu, salamu. Naandika riwaya kuhusu kijiji cha kubuni cha watoro waliokimbia utumwa katika mashamba ya Malindi, miaka ya 1870. Wamejificha msituni, wanalima mahindi na kulinda boma lao kwa zamu. Kiongozi wao ni mwanamke wa makamo, na nimekwama kwenye cheo chake.

Liwali haifai, maana huyo alikuwa mtu wa Sultani wa Zanzibar. Jemadari naye aliongoza askari wa Sultani, wale wale wanaowasaka. Mwinyi ndiyo inayoniuma zaidi: watu waliowatoroka mabwana zao wangemwitaje hivyo mtu wanayempenda? Jumbe ni cheo cha waungwana wa pwani, ingawa bado inanivuta, ni fupi na ina uzito. Nimefikiria pia Mama Mkuu, lakini msomaji atamwona mtawa.

Wengi kijijini humo ni Wayao na Wanyasa waliotekwa utotoni. Wenyeji wa Ruvuma na Mtwara, naombeni mnisaidie: wazee wenu walimwitaje mwanamke mwenye kauli ya mwisho kijijini? Na jumbe mwanamke, mngemkubali?