Tumebaki wanne, wanalipwa watatu, mtu anakoli ol-in eti "hesabu iliruhusu". Hesabu ipi???

Wakuu, naandika hapa nikiwa na hasira na sitaki kujifanya nimetulia. Masaa saba nimekaa kwenye meza ya mashindano ya poka, nimetupa karata nzuri ambazo roho iliniuma kuzitupa, nimevumilia garasa baada ya garasa, tumefika wanne na wanaolipwa ni watatu, afu mtu anakoli ol-in yangu (yaani nimeweka chipu zangu zote, yeye anakubali kuweka kiasi hichohicho tufunue karata) kwa malkia na tisa, ananitoa, na nikimuuliza kwa upole kabisa kwanini umekoli ananijibu kama anafundisha mtoto: "hesabu ilikuwa inaruhusu, nilihitaji asilimia 42 tu". Na meza nzima inatikisa kichwa kumuunga mkono.

Kilichoniudhi sio kufungwa. Kufungwa nimezoea, ukicheza poka bila kuzoea kufungwa utaugua. Kilichoniudhi ni kwamba huyu jamaa amechoma pesa yangu na pesa yake kwa mpigo mmoja, amewapelekea wawili waliokaa pembeni wanaangalia tu, na bado anajiona mtaalamu. Na kwa sababu alienda akamaliza wa kwanza, sasa hivi hata ukimwambia nini hasikii, ushindi wake ndo ushahidi wake.

Ngoja niweke meza ilivyokuwa ili mtu asije kusema nimepindisha. Chipu zote mezani 100,000, kila mmoja anazo 25,000 sawasawa. Blaindi, yaani dau la lazima ambalo wawili wanaweka kabla ya karata, ndogo 2,000 na kubwa 4,000. Zawadi ni asilimia 50 kwa wa kwanza, 30 kwa wa pili, 20 kwa wa tatu, wa nne anaenda kulala mikono mitupu. Wawili wa mwanzo wametupa, mimi niko blaindi ndogo nina ree na nne, nikasukuma zote. Yeye yuko blaindi kubwa na malkia na tisa, rangi mbalimbali. Akakoli kabla hata sijaondoa mkono kwenye chipu. Tisa ikashuka kwenye zile karata tatu za mwanzo za pamoja mezani, habari yangu ikaishia hapo.

Sasa hesabu yake. Mezani kuna 25,000 zangu na 4,000 zake za blaindi, jumla 29,000, yeye anatakiwa aongeze 21,000, poti (mzigo wote unaogombewa) ikijaa ni 50,000. Ishirini na moja kwa hamsini ni asilimia 42, hapo hajakosea hata nukta. Na malkia na tisa dhidi ya karata zozote mbili inashinda kama asilimia 55. Kwahiyo kichwani mwake 55 ni kubwa kuliko 42, mchezo umekwisha, koli. Na ingekuwa meza ya pesa taslimu, ambapo kila chipu ni pesa na ukiishiwa unanunua nyingine, ningempa mkono kabisa.

LAKINI HATUKUWA KWENYE MEZA YA PESA TASLIMU. Chipu za mashindano sio pesa!! Huwezi kunyanyuka nazo ukaenda nazo nyumbani. Unacholipwa ni nafasi uliyomalizia, basi. Mwenye chipu zote 100,000 halipwi mfuko wote wa zawadi, analipwa nusu. Sasa kama chipu zote 100,000 thamani yake ni nusu ya mfuko, inakuwaje kila chipu unayoongeza iwe na thamani ileile ya chipu unayoipoteza? Haiwi. Zile za kwanza zinazokushikilia mezani ndo ghali, za kuongezea juu zinashuka thamani kila zinavyorundikana. Hii kitu mtu akiikamata vizuri haachi kuiona tena, na asipoikamata atakuwa anakoli hovyo hadi uzeeni.

Na sio maneno yangu mimi wa jana, hii wanaiita ICM, hesabu ya kugeuza chipu zako kuwa sehemu yako ya mfuko wa zawadi, na iko muda mrefu. Msingi wake ni fomula ya Harville ya mwaka 1973 iliyotengenezwa kwa ajili ya mbio za farasi, kukadiria farasi gani atashika nafasi ya pili na ya tatu ukishajua nafasi ya kila mmoja kushinda, na Mason Malmuth, mwandishi wa vitabu vya poka, akaileta kwenye poka mwaka 1987. Toka hapo ni zaidi ya miaka 30, na programu za kuipiga zimejaa, hata kwenye simu unaweza. Kwahiyo tusiambiane habari za "kila mtu na staili yake".

Nimeipiga meza yetu nilivyorudi, usingizi haukuja kabisa. Kabla ya karata kugawiwa, wote tuko sawa, kila mmoja ana haki ya asilimia 25 ya mfuko. Yeye akitupa anabaki na chipu 21,000, thamani yake ni kama asilimia 22.3 ya mfuko. Akikoli akashinda anakuwa na 50,000, nusu ya chipu zote, na thamani yake... wengi hapa watasema 50. Ni 38.3 tu! Akishindwa ni sifuri. Kwahiyo ili koli isimpe hasara alihitaji kushinda mara 22.3 kwa 38.3, yaani asilimia 58. Sio 42. Tofauti ya pointi 16 hiyo, sio mchezo. Na alikuwa na 55, tena hiyo 55 ni kama mimi nasukuma kila karata bila hata kuangalia. Kama nachagua hata kidogo tu, inashuka zaidi.

Afu hapa ndo panaponichemsha damu. Karata zetu zilivyofunuliwa, ree na nne yangu dhidi ya malkia na tisa yake, mimi niko mbele karibu 57 kwa 43. Si mnaona niko mbele, niwe na furaha basi? Hapana. Angetupa, mimi ningekuwa na chipu 29,000 na thamani ya 27.5. Alivyokoli, mimi niliye MBELE thamani yangu ikashuka hadi kama 22, kwa sababu asilimia 43 ya muda naenda kulala na sifuri. Yeye kutoka 22.3 akaenda kama 16 na nusu. Wote wawili tumepoteza karibu pointi 6 za mfuko mzima kila mmoja kabla hata karata ya kwanza haijashuka mezani. Zimeenda wapi? Kwa wale wawili waliotupa. Walikuwa na kama 25, sekunde ile ile wakawa na karibu 31 kila mmoja, wamekunja mikono, wamelamba dume bila kulamba karata. Yaani koli ya hivyo ni zawadi, na alitoa zawadi kwa kutumia na mfuko wangu, hakuniuliza.

Ndo maana nakasirika watu wakisema "amecheza chipu zake, wewe inakuhusu nini". Inanihusu! Mashindano ya poka sio wewe na mwenzako tu, kila mnapogongana kuna mtu wa tatu analipwa.

Na kuna hii nyingine, "mbona wewe ulisukuma na ree na nne, kumbe na wewe hovyo". Hapana ndugu yangu, anayesukuma na anayekoli hawafanani hata kidogo. Anayesukuma ana milango miwili: wote watupe achukue blaindi kimyakimya, au akolewe ashinde. Anayekoli ana mlango mmoja tu, lazima karata zifunuliwe na lazima ashinde. David Sklansky, mwandishi mwingine wa vitabu vya poka, alishalisema zamani hili pengo, kwamba karata ya kumfuata mtu aliyeshaingia lazima iwe na nguvu kuliko karata ambayo wewe mwenyewe ungeanza nayo, na mkifika karibu na zawadi pengo linapanuka. Karata ileile naweza kuisukuma nikiwa wa kwanza kuingia na kuitupa bila kufikiria nikiwa wa kukoli, na nikawa sawa mara zote mbili. Mtu akiona hilo ni uoga basi hajaelewa mchezo anaocheza.

Sisemi mtupe kila kitu, msinilishe maneno. Kwenye ile nafasi, tukichukulia nasukuma karata zozote, angekuwa na jozi ya tano kwenda juu, ree na saba kwenda juu, mfalme na kumi kwenda juu, nisingefungua mdomo, malkia na ghulamu iko mpakani kabisa. Angekuwa na chipu za blaindi moja na nusu tu zimebaki, akoli hata kwa garasa, maana akitupa hana maisha. Mkibaki wawili wa mwisho mambo ya ICM yanakwisha, zawadi ya wa pili wote wawili mshaishika, kinachogombewa ni tofauti tu kati ya wa kwanza na wa pili, hapo hesabu yake ya 42 ndo ya kweli. Mashindano ambayo mshindi mmoja tu anachukua zawadi yote pia vilevile. Na kama kuna zawadi ya kichwa kwa kila unayemtoa, unaruhusiwa kulegeza. Na ni kweli hii hesabu haioni blaindi inayokuja kesho yake wala haijui nani mjanja kuliko nani, nakubali, lakini mapungufu hayo hayakupi ruhusa ya kuitupa yote ukabaki na 42 yako.

Tena kuna upande wa pili ambao hawa watu wangezimia. Mashindano ambayo zawadi yake ni tiketi zinazofanana za kuingia mashindano makubwa zaidi, tuseme tiketi 10 na mmebaki 11, wewe una mzigo mkubwa wa chipu, kuna mtu ana blaindi moja. Mwenye mzigo mwingine mkubwa anasukuma, wewe una ree mbili. Unatupa. Ndiyo, REE MBILI. Zinashinda asilimia 85 dhidi ya karata zozote, na tiketi yako ulishaishika kwa zaidi ya hiyo 85, na kushinda chipu zake hakukupi tiketi ya pili. Nikimwambia yule jamaa hili ataniita mwendawazimu.

NAONGEZA: naona mmeanza kuniambia "ila alishinda mashindano". Alishinda kwa sababu tisa ilishuka. Isingeshuka angekuwa wa nne na mngemuita mjinga nyie nyie, kwa koli ileile, karata zilezile. Na wewe mwenyewe kwa kuwa najua unasoma hapa, achana na kombe kidogo unijibu swali moja tu: ulihitaji 58, ulikuwa na 55 kwa makadirio ya kukupendelea kabisa, hizo 3 ulizitoa wapi?