Nyota kibete nyeupe ya kwanza: Shira B au ya Keid?

mvuvi_wa_nyota: Habari wakuu. Nina darubini ya kioo ya milimita 114, haina mota, niko Pangani. Januari hii nataka kuona nyota kibete nyeupe (kiini kidogo kilichobaki cha nyota iliyokwisha kuungua) kwa jicho langu. Shira B, mwenzake mdogo wa nyota Shira (Sirius), ina mwangaza wa 8.4, ile inayoandamana na nyota Keid (40 Eridani B) ni 9.5, na namba ndogo ndiyo nuru kubwa, kwa hiyo Shira B ndiyo yenye nuru zaidi. Mbona kila mtu ananisukumia Keid?

mzee_lenzi: Namba hizo zinakuhadaa, mkuu. Shira yenyewe inamzidi mwenzake kwa nuru karibu mara 10,000, na kati yao ni sekunde 11 tu za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii). Ni kumsaka kimulimuli kwenye ngalawa yenye karabai. Mwanafalaki Bessel aligundua mwaka 1844 kwamba kuna kitu kinaiyumbisha Shira. Hakikuonekana hadi 1862, mtengeneza lenzi Alvan Graham Clark alipokuwa akijaribu lenzi mpya ya sentimita 47. Ile ya Keid, mwanafalaki William Herschel aliiona mapema, 1783.

kaskazi_tulivu: Nina ya milimita 200, na Shira B imenitoa jasho misimu miwili. Nasubiri Shira iwe karibu na utosi, naiacha itoke ukingoni mwa eneo linaloonekana kwenye darubini. Shira inatangulia, B inabaki nyuma kwa chini ya sekunde moja. Usiku mmoja nadhani niliiona. Nadhani! Siwezi kuapa.

binti_falaki: Keid bila kusita. Kibete chake kiko sekunde 83 za tao kutoka kwa Keid yenyewe, hakuna mng'ao wa kukusumbua. Huna mota? Vizuri: Keid inapita karibu njia ileile ya Rijili ya Jabari (Rigel, nyota angavu ya kundi la Orion), ikiitangulia kwa saa moja hivi, basi anzia Rijili usogeze darubini kuelekea magharibi. Mwanzoni mwa Januari, saa tatu usiku, iko utosini kwenu. Kuza mara 80. (Keid ni neno la Kiarabu, maganda ya mayai, jirani yake Beid ni mayai yenyewe.)

mvuvi_wa_nyota: Na ubuluu wake nitauona?

binti_falaki: Usitarajie. Nyota yenye joto kali huwa na ubuluu, na hii ina nyuzi 17,000 hivi, Shira B 25,000, ila mwanga hafifu hauamshi rangi jichoni. Utaona nukta iliyopauka.

mzee_lenzi: Nukta yenye ukubwa wa kukaribia Dunia, lakini uzito wake unazidi nusu ya Jua. Mimi inanitosha.

mvuvi_wa_nyota: Basi Keid. Mawingu yakiniruhusu nitarudi hapa.