Punda wangu kazaa dume lenye mistari, naomba ushauri wakuu

Mchunga wa Simanjiro: Habari za jioni wakuu. Huku kwetu kila masika pundamilia wa Tarangire wanashuka wanachanganyika na mifugo, mwaka huu walikuja Machi. Sasa punda wangu jike kazaa dume, miguu yote mistari, baba lazima ni pundamilia. Nauliza tu, akikomaa nikimpandishia punda wengine watatoka na mistari?

Ngosha: Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu

Dokta Mifugo: Kama kweli ni chotara, sahau. Punda ana kromosomu (vile vibeba urithi ndani ya seli) 62, pundamilia wa huku 44. Mtoto kachukua 31 kwa mama na 22 kwa baba, jumla 53. Kukua atakua vizuri, kasheshe ni kutengeneza mbegu, pale kila kromosomu inatafuta mwenzake wa kufanana naye wajipange wawili wawili, haimpati, basi mbegu hakuna. Ndio yaleyale ya baghala, chotara wa farasi na punda, farasi 64, punda 62, yeye 63, anabeba magunia mpaka anazeeka hana mtoto.

Mama Kuku: Mume wangu wa kwanza alikuwa na nguvu hivyohivyo, gunia mbili begani, na ukoo mzima ukasema tatizo ni mimi. Sasa hivi nina wanne kwa huyu wa pili

Mchunga wa Simanjiro: Hongera mama. Ila Dokta, farasi mwitu wa Mongolia ana 66, akizaa na farasi wa kawaida mtoto ana 65 na anazaa fresh tu. Na Morocco mwaka 2002 baghala alizaa!!

Dokta Mifugo: Wa Morocco alikuwa jike, na hao ni wa kuhesabu, wewe una dume. Farasi wa Mongolia, kromosomu zake mbili kwa huyu wa kufugwa ni moja ndefu, yaliyomo ni yaleyale ndo maana zinapangana. Punda na pundamilia zimekatika na kuungana sehemu kibao, ukoo huu umebadilika haraka mno, pundamilia wa milimani kule Namibia ana 32 tu. Mbona unang'ang'ania hivyo, kuna nini?

Mchunga wa Simanjiro: Haya niseme. Kuna jamaa wa Arusha kashanipa laki nne advansi, nilimwambia ni dume la mbegu. Hela nimenunulia bati. Sijamtapeli, si niliamini mwenyewe? Na yeye ni mtu mzima alikuja akaangalia akaridhika

Mwl Zawadi: Rudisha hela ya mtu. Watoto wako watalala chini ya bati la dhuluma? Halafu pundamilia ni nyara ya serikali, ukiulizwa hiyo nusu umeipata wapi utajibu nini

Kiboko ya Chai: Subirini kwanza. Mtoa mada, kazaliwa lini na mgongoni yukoje?

Mchunga wa Simanjiro: Novemba hii. Ana mstari mweusi mgongoni na mwingine umekata mabegani kama msalaba, ushahidi gani tena mnataka

Kiboko ya Chai: Ushahidi wa upunda huo! Msalaba punda kibao wanao, na mistari ya miguuni ni ya ukoo, punda mwitu wa Somalia mpaka leo anayo. Punda anabeba mimba kama mwaka mzima, Machi mpaka Novemba ni miezi minane. Kenya 2020 kule Chyulu alionekana chotara wa kweli, mama pundamilia, na picha zilikuwepo. Hii chai na haina sukari. Weka picha

Mchunga wa Simanjiro: Kamera ya simu imepasuka

Ngosha: 😂😂😂 kila uzi kamera imepasuka

Mchunga wa Simanjiro: Labda walipandana masika ya mwaka jana, mi sikai nahesabu

Dokta Mifugo: Kama ni punda mtupu basi 62 zake zimetimia, akikomaa atapandisha bila shida

Mchunga wa Simanjiro: Kwa hiyo nimwambie nini jamaa? Anakuja Jumamosi

Ngosha: Mwambie mbegu ipo, pundamilia ndo hayupo. Akikataa njoo inbox, mi namtaka kwa bei ya punda

Mchunga wa Simanjiro: Bei ya punda haifiki hata advansi mkuu